Usiipe Gardenia Majivu: Bibi wa Kitalu Ajibu Barua Zenu

Barua za gardenia zimejaa mezani hadi zimezifunika za mawaridi. Wa mawaridi mnivumilie mpaka toleo lijalo. Leo ni zamu ya kichaka hiki chenye jani la kung'aa mwaka mzima na ua jeupe linalonukia kabla hujaliona, ambacho watu hukinunua kikiwa kimesheheni maua, kikafika nyumbani kikanuna. Barua ndefu nimezifupisha, na majina ni yale mliyojipa wenyewe.

Shikamoo Bibi. Gardenia yangu iko ardhini, karibu na ukuta wa nyumba tuliyohamia mwaka jana. Majani ya juu, yale machanga, yamekuwa manjano lakini mishipa yake imebaki kijani. Kila Jumamosi naitilia majivu kama ninavyofanya kwenye mboga. Nimefukia misumari yenye kutu shinani, na jirani ameniambia nimwagie siki. Hakuna kinachobadilika. Niongeze mbolea gani? — Mwenye Ukuta Mpya

Marahaba, mjukuu wangu. Kabla ya yote, hilo kopo la majivu lirudishe jikoni.

Barua yako imenifurahisha kwa jambo moja: umetazama. Wengine huniandikia "majani yamekuwa manjano, nifanyeje?" wakidhani manjano ni ugonjwa mmoja. Wewe umeniambia ni majani gani na rangi imebaki wapi, na hapo umenipa karibu jibu zima. Chuma kikishaingia kwenye jani, hakihami tena kwa urahisi. Mmea ukikikosa, jani la zamani linaendelea na akiba yake, na jani jipya linazaliwa halina kitu. Ndiyo maana ncha za matawi hupauka na mishipa ikabaki imechorwa kijani. Naitrojeni ni kinyume chake. Hiyo huhama, mmea huyanyang'anya majani ya zamani ukayapa machanga, kwa hiyo ya chini ndiyo hutangulia kupauka, jani zima pamoja na mishipa yake. Magnesi nayo huhama, lakini ina alama yake: jani la zamani hugeuka manjano kuanzia pembeni, likabaki pembe tatu ya kijani karibu na kikonyo. Kwako wewe ni chuma, sina shaka.

Sasa usikimbilie kununua chuma. Kwenye udongo kimo tele. Wekundu wa udongo mwekundu ndicho hicho. Kinachokosekana ni uchachu wa kukifungulia. Uchachu hupimwa kwa namba iitwayo pH: namba ikipanda, uchachu umepungua. Gardenia hutaka pH ya 5 hadi 6, na ikipita 6.5 huanza kulalamika. Kipimo hicho kina ujanja wake: kutoka 6 hadi 7 si hatua ndogo, maana uchachu unakuwa umepungua mara 10. Kadiri unavyopungua ndivyo chuma kinavyogeuka kuwa kitu ambacho mzizi hauwezi kukinywa. Na majivu hupunguza uchachu. Ukuta mpya nao una lake: mafundi wakimaliza kazi hufukia mabaki ya saruji na lipu palepale msingini, na kila mvua ikinyesha chokaa inateremka kwenye mizizi. Chakula kimo ghalani, na wewe kila Jumamosi unaongeza kufuli.

Mboga zako huenda zinayapenda majivu, siwagombanishi. Lakini gardenia iko ukoo mmoja na mbuni, na ukitaka kujua udongo unaoifaa fikiria ule ambao mbuni na mchai hustawi ndani yake. Maganda ya mayai pia yaweke mbali nayo, hiyo ni chokaa.

Misumari itoe kabla haijamchoma mtu. Kutu ni chuma ambacho tayari kimeshafungwa, kwa hiyo umeuongezea udongo kile kile ulicho nacho na usichoweza kukitumia. Siki huteremsha pH kwa muda mfupi tu, halafu chokaa inashinda, na ukiimwaga kali unababua mizizi. Ila usiitupe, inafaa kwa kupima. Chota kijiko cha udongo mkavu kutoka karibu na ukuta, kitie kwenye kisahani cheupe, kidondoshee siki, kisha sogeza sikio. Ukisikia unachemka na kuona vipovu, ndani mna chokaa. Rudia kwa udongo wa hatua moja kutoka ukutani, na wa hatua mbili.

Kama karibu na ukuta kunatoa povu na mbali hakutoi, dawa ni kuuhamisha mmea. Ngoja siku za ubaridi na mawingu, umwagilie siku moja kabla, uchimbe mviringo mpana ili utoke na donge la udongo wake, uupeleke huko mbali na ukuta. Upande kwa kimo kile kile ulichokuwa nacho, au juu kidogo. Gardenia iliyozikwa shingo huoza shina. Weka matandazo ya majani makavu au magome, lakini yasiguse shina.

Kama hakuna povu popote lakini pH ni 6.5 au 7, tumia salfa ya unga. Haifanyi kazi yenyewe: bakteria wa udongoni ndio huigeuza kuwa tindikali, nao hutaka joto na unyevu, kwa hiyo ni kazi ya wiki nyingi, pengine miezi. Fuata kipimo cha kwenye pakiti, usirundike kwa sababu huoni haraka. Wakati unangoja, unaweza kuipa chuma cha kelati, yaani chuma kilichoshikwa na kemikali inayokizuia kisifungwe na udongo, na hapa soma herufi ndogo zinazotaja kemikali hiyo. Ile iliyoandikwa EDTA huishiwa nguvu pH ikipita takriban 6.5. DTPA hufika kama 7.5. EDDHA ndiyo huhimili udongo wa chokaa hasa. Watu hununua ya kwanza kwa sababu ni rahisi, wakaimwaga kwenye udongo wa pH 8, wakasema chuma hakisaidii.

Uliuliza mbolea. Ukiwa lazima uweke ya naitrojeni, chagua salfeti ya amonia, ile SA, kidogo na kwa nadra, kwa sababu huongeza uchachu. Mbolea ya CAN, ambayo nayo ni ya naitrojeni, iache, ina chokaa ndani yake. Na tazama birika lako la chai: likiwa na magamba meupe ndani, maji unayomwagilia nayo yanaongeza chokaa kila siku. Kinga maji ya mvua, umwagilie hayo.

Majani yaliyokwisha kupauka usiyatumie kupima maendeleo, mengine hayatarudi. Angalia jani jipya litakalofunguka. Likija kijani, tumeelewana na mmea.

Bibi, mambo vipi? Niliinunua gardenia ikaja na kikopo cha plastiki, nikaitia ndani ya chungu kizuri cha mapambo kisicho na tundu. Naimwagilia asubuhi na jioni, sikosi. Lakini inanyauka, majani ni manjano juu hadi chini, na nikiona imenyauka naongeza maji. Nimeanza kufikiria dawa ya ukungu. — Kijana wa Ghorofani

Poa. Ndivyo ninavyosalimiwa na wajukuu siku hizi, nimeshazoea.

Dawa ya ukungu isubiri. Itoe gardenia kwenye chungu cha mapambo, ukiinamishe uone kinachomwagika. Nadhani utapata maji ya kutosha kufulia soksi. Kisha vua kile kikopo cha plastiki uitazame mizizi, maana mwongo ni jani; jani lililokosa maji na jani la mmea uliozama hunyauka kwa namna moja. Mzizi hupumua. Ukikaa majini unakosa hewa, unakufa, na uliokufa haunywi. Wewe ukaona kiu, ukaongeza maji.

Mzizi mzima wa gardenia ni mweupe au wa rangi ya maziwa, ukiubonyeza ni mgumu. Uliooza ni kahawia, unabonyea, na ukiuvuta kati ya vidole viwili ganda lake la nje linateleza lote likakuachia kiuzi chembamba cha katikati. Nusa pia, uozo haujifichi. Ikiwa mizizi mingi bado ni mizima, kata iliyooza kwa mkasi safi na upunguze matawi kidogo, kwa sababu mizizi iliyobaki haiwezi kulisha kichwa kile kile. Ipande upya kwenye chungu chenye tundu, kisichokuwa kikubwa kupita mizizi yenyewe. Chungu kikubwa mno kwa mizizi michache hubaki na maji yasiyo na mnywaji.

Udongo wa shambani peke yake hauifai ndani ya chungu, hushindiliwa ukawa tofali. Mimi huchanganya unga wa makumbi, mboji iliyoiva na mchanga wa chenga kubwa au vipande vya magome. Makumbi yaoshe kwanza mara kadhaa, mengine huja na chumvi. Mboji uliyoitengeneza kwa kuimwagia majivu usilete hapa, nimeshasema na wa kwanza.

Kumwagilia acha ratiba ya asubuhi na jioni. Ingiza kidole mpaka kiungo cha pili. Juu pakiwa pakavu na chini bado pana unyevu, ondoka. Pakianza kukauka hapo ncha ya kidole ilipo, mwagilia mpaka maji yatoke chini, subiri yachuruzike, kisha mwaga yaliyobaki kwenye kisahani. Baada ya muda utajua kwa kukinyanyua tu, kikavu ni chepesi. Chungu chako cha mapambo usikitupe, weka mawe chini, kile chenye tundu kikae juu ya mawe.

Ikiwa mizizi yote imekuwa viuzi, samahani mjukuu wangu. Ruka hadi barua ya mwisho, ukachukue vipandikizi kwenye matawi yaliyo hai kabla hayajafa nayo.

Mwenzangu, habari za kazi. Yangu imejaa vitumba kila msimu, lakini vinafika ukubwa wa punje ya mahindi vinaanguka vikiwa bado kijani. Ikiwa na vitumba ndipo ninapoiingiza sebuleni ili wageni waione, usiku ndani kuna joto, mchana nawasha feni. Naipulizia maji mara nyingi. — Mama wa Sebule

Njema, mwenzangu. Umejibu mwenyewe katikati ya barua.

Gardenia ikishatunga vitumba haitaki mabadiliko ya aina yoyote: mahali, mwanga, upepo, kipimo cha maji. Wewe unaitoa kwenye mwanga wa nje na hewa yenye unyevu, unaileta sebuleni kwenye giza lake na feni lake, na unafanya hivyo wakati ule hasa ambao ingependa kuachwa. Vitumba ndivyo vya kwanza kutolewa sadaka, kwa kuwa mmea unaweza kuishi bila ua. Tena usiku una kazi kubwa kuliko mchana. Vitumba hutunga vizuri usiku ukiwa na nyuzijoto kama 15 hadi 18 za Selsiasi; chumba kinachobaki na joto hadi alfajiri huviangusha hata kama maji na mbolea viko sawa.

Kupulizia maji hakudhuru sana jani, ila unyevu huo haukai, dakika chache umekwisha, na tone likitua juu ya ua lililofunguka huacha doa la kahawia. Kuliko hivyo, ikusanye na mimea mingine, ikae pamoja barazani, palipo na jua la asubuhi na kivuli cha alasiri. Wageni waione huko huko. Kama huwezi kujizuia kuiingiza, subiri ua lifunguke, iingize jioni kwa saa za maongezi na uirudishe kabla ya kulala.

Ukifanya yote hayo na bado vinaanguka, pasua kitumba kimoja kwa kucha juu ya karatasi nyeupe. Ukiona vijidudu vyembamba vya rangi ya majani makavu, vidogo kuliko koma, vinakimbia, hao ni thiripi, nao wameingia kabla ua halijafunguka. Okota vitumba na maua yote yaliyoanguka, yafunge kwenye mfuko na uyatupe mbali. Wanajificha humo.

Bibi shikamoo. Majani yangu yamepakwa masizi meusi, nikiyasugua yanatoka, kesho yamerudi. Na sisimizi wanapanda na kushuka siku nzima. Nimenyunyizia dawa ya sisimizi chini lakini masizi hayapungui. — Msugua Majani

Marahaba. Masizi hayo ni ukungu, lakini hauli jani lako. Unakula sukari iliyomwagwa juu yake. Geuza jani unalolisugua, kisha tazama jani lililo juu yake, upande wa chini. Huko ndiko kuna mwenye duka. Tikisa tawi: wakiruka vijidudu vyeupe mfano wa vumbi na kutua tena, ni nzi weupe, na watoto wao ni vile vidoa bapa, karibu uwazi kama maji, vilivyoganda chini ya jani bila kutembea. Vikiwa vijipele vya kahawia vinavyobanduka kwa ukucha, ni wadudu magamba. Vikiwa vipamba vyeupe kwenye makutano ya jani na tawi, ni vidung'ata. Wote hunyonya utomvu kuliko wanavyohitaji na kuutoa nje ukiwa bado mtamu. Sisimizi wanaukusanya, na kwa malipo wanawafukuza wadudu ambao wangewala hao wanyonyaji.

Kwa hiyo achana na masizi. Matawi yaliyojaa sana yakate. Changanya kijiko kimoja cha mezani cha sabuni laini ya maji kwenye lita 1 ya maji, isiwe sabuni ya unga wala yenye dawa ya kung'arishia nguo. Ijaribu kwenye majani machache, ulale usiku mmoja, na kama hayakuungua, nyunyiza asubuhi mapema au jioni, chini ya majani. Sabuni inamwua aliyelowa tu, ikikauka imekwisha kazi. Mayai hayafi, kwa hiyo rudia baada ya siku 5 hadi 7, na tena, hadi ukitikisa asiruke mtu. Wadudu magamba wakubwa sabuni haiwafiki ndani ya ganda lao. Hao ni mswaki wa zamani na subira.

Sisimizi wazuie shinani. Zungushia shina kitambaa, upake grisi juu ya kitambaa na si juu ya gome, kisha hakikisha hakuna tawi linalogusa ukuta, maana watatumia daraja hilo. Ukiona vijidudu vya mviringo vyekundu vyenye madoa meusi mgongoni, usivinyunyizie, vimekuja kukusaidia.

Shikamoo. Fundi wa bustani huja kila mwezi na ule mkasi mkubwa wa uzio. Gardenia ameifanya duara safi kabisa, kila apitaye anaisifu. Lakini tangu hapo sijaona ua. Anasema nibadilishe mbolea. — Mwenye Duara

Marahaba. Mbolea haina kosa. Ua la gardenia hutoka kwenye ncha ya kitawi au jirani na ncha, na kila mwezi ncha zote zinaondoka na mkasi. Mnakata maua yenu yakiwa bado hayajaonekana.

Mwambie apumzike. Gardenia hupogolewa mara tu wimbi kubwa la maua likiisha, kabla haijaanza kutunga mengine, na kwa mkasi mdogo wa mkononi, tawi moja moja, juu kidogo ya pale majani yanapotokea. Toa yaliyokufa, yanayosuguana, na machache marefu yanayoharibu umbo. Usizidi theluthi ya kichaka kwa mara moja. Halitakuwa duara la kupimwa kwa bikari, nawe utazoea. Duara, kama unalipenda kweli, panda michongoma mahali pengine umpe fundi acheze nayo.

Bibi, nataka kuvaa gardenia nyweleni siku ya sherehe. Mara ya mwisho lilikuwa kahawia kabla sijatoka mlangoni. — Bibi Harusi Mtarajiwa

Hongera. Uliligusa petali. Mafuta na joto la vidole huacha alama baada ya muda mfupi, hivyo shika kikonyo au majani peke yake. Chuma asubuhi na mapema, ua likiwa limefunguka bado ni jeupe pepe, kwa kuwa likizeeka huelekea rangi ya siagi hata lisipoguswa. Funga pamba yenye maji kwenye kikonyo, liweke ndani ya kopo lililofunikwa mahali pa ubaridi, na libandike nyweleni mwisho kabisa, baada ya mafuta, manukato na dawa zote za nywele. Billie Holiday, mwimbaji wa jazi wa Marekani, alijulikana kwa kupanda jukwaani na gardenia nyweleni, kwa hiyo uko katika kundi zuri. Andaa la akiba.

Bibi, mkwe wangu ana gardenia ya miaka mingi na amekubali nikate vipandikizi. Naona haya kuharibu. Nikate wapi, na niotesheje? — Mkwe Mwoga

Haya hiyo ni nzuri, ila usikate kitawi chenye kitumba, hapo mkwe atakukumbuka kwa ubaya. Tafuta kitawi kisicho laini kabisa wala kigumu cha kahawia. Kile kilichoanza kukomaa chini na bado kijani juu. Urefu sentimita 10 hadi 12. Kata chini kidogo ya kifundo majani yanapotokea, ondoa majani ya nusu ya chini, na yale makubwa yaliyobaki yakate nusu ili yasipoteze maji. Chukua zaidi ya unachohitaji, si vyote vitashika. Ukiwa na unga wa kuotesha mizizi chovya, kung'uta uliozidi. Chomeka kwenye mchanga wa chenga uliochanganywa na makumbi, wenye unyevu usiochuruzika, kisha funika kwa mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, usiguse majani. Uweke penye mwanga bila jua la moja kwa moja, maana chini ya plastiki jua hupika. Wiki 4 hadi 8 kwa kawaida.

Inawezekana pia kwa glasi ya maji, gardenia si mbishi sana hapo. Badilisha maji kila baada ya siku chache, na mizizi ikifika kama sentimita 2 pandikiza mapema, kwa sababu mizizi ya majini hukatika kirahisi na ikirefuka inakuwa taabu.

Ila muulize mkwe kwanza kama ule wake umeunganishiwa. Vitalu vingine huunganisha gardenia yetu hii ya kawaida juu ya shina la Gardenia thunbergia, ndugu yake wa Afrika Kusini, kwa sababu mizizi ya ndugu huyo huhimili minyoo fundo, ile minyoo midogo ya udongoni inayotia mizizi vinundu. Kipandikizi utakachokata kitakuwa na mizizi yake mwenyewe, bila kinga hiyo. Kama udongo wako ni wa kichanga na umewahi kung'oa nyanya zenye mizizi ya vinundu, usikipande ardhini, kiache kwenye chungu chenye mchanganyiko safi. Na ukienda kukata, tazama kama chini ya kiungo kuna matawi yenye majani ya sura tofauti. Hayo ni ya shina la chini, usiyachukue, na mshauri mkwe ayaondoe kabla hayajaumeza mmea.

Kujua kama kimeshika, kivute kidogo sana baada ya wiki ya nne. Kikikushika, kina mizizi. Kisipokushika, kirudishe. Na usikivute kila asubuhi, nawajua.